Dodoma, Dar au kubaki Mwanga: bei halisi ya kusomea kompyuta

NECTA wakishatangaza matokeo ya kidato cha sita, Julai, swali la kwanza katika nyumba nyingi za Mwanga, hapa Kigoma, ni ada: chuo fulani wanatoza shilingi ngapi? Ni swali la haki, ila kwa anayetaka shahada ya sayansi ya kompyuta ndilo swali dogo kuliko yote. Ada za kozi hii katika vyuo vya umma zinakaribiana, zinazunguka milioni moja hadi milioni moja na nusu kwa mwaka. Tofauti ya laki mbili au tatu si sababu ya kumchagulia mtoto mkoa wa kwenda kuishi. Kinachofanya bili ya nyumba moja iwe mara mbili ya nyumba ya pili ni urefu wa kozi, mahali pa kulala, mashine ya kusomea, na umbali kati ya chuo na mahali kazi zinapopatikana.

Tuanze na kilichopo nyumbani, maana hakitachukua muda. Kigoma haina chuo kikuu chenye ndaki ya kompyuta. TIA wana kampasi hapa, lakini nguvu yao iko kwenye uhasibu, ununuzi na biashara. Kampasi ya MUHAS ni ya afya. VETA wanafundisha ufundi, na kijana aliyeshika vizuri ufundi wa umeme au kompyuta pale anaweza kuanza kula jasho lake mapema kuliko mwenzake wa chuo kikuu, ila hiyo ni njia nyingine. Kwa shahada, anayetaka kubaki akilala kwa mama yake ana mlango mmoja: kituo cha mkoa cha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania.

Chuo Huria kilianzishwa 1992 kwa ajili ya watu wa namna hii hasa, wenye kazi, watoto, duka au mzazi mgonjwa. Wanazo kozi za TEHAMA, na mwanafunzi analipa kadiri anavyosajili masomo, kwa hiyo fedha haitoki kwa mkupuo. Hakuna pango, hakuna nauli ya Dodoma, ugali ni wa nyumbani. Kwenye karatasi hakuna shahada rahisi kuliko hiyo. Lakini kompyuta husomwa sana kwa kuiga na kuulizana: mwenzako wa kitanda cha juu ameona kosa lako kwenye programu saa saba usiku, wewe ulikuwa unalitafuta tangu alasiri. Anayesoma peke yake Mwanga atalitafuta kosa hilo hadi kesho kutwa. Kwa mtumishi wa halmashauri au karani wa benki anayetaka kupanda daraja, Chuo Huria ni chaguo zuri sana. Kwa kijana wa miaka 19 asiye na kazi, ninaona taabu kumshauri, kwa sababu nidhamu inayotakiwa pale ni ya mtu mzima.

Kwa hiyo wengi watafunga mizigo. Kwenda wapi?

Jina kubwa ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM). Ndaki yao ya TEHAMA haiko Mlimani, iko Kijitonyama, na hilo ni jambo la kuzingatia. Jirani hapo, eneo la Sayansi, kuna jengo la COSTECH na Buni, kituo cha kulea wabunifu. Makao makuu ya benki na kampuni za simu hayako mbali. Mwanafunzi anayejua kuchangamka anaweza kutoka darasani akaenda kusikiliza watu wanaoajiri. Tatizo ni Dar yenyewe. Vitanda vya chuo haviwatoshi wote, na asiyepata anaingia mtaani kutafuta geto, ambako mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu au sita mbele kabla hujaweka godoro chini. Ongeza daladala asubuhi na jioni, na chakula cha mama ntilie ambacho si bei ya Mwanga.

Dodoma ni hesabu nyingine. UDOM ilianza 2007, na ndaki yake ya kompyuta, inayojulikana kwa kifupi kama CIVE, ni miongoni mwa ndaki kubwa za fani hii nchini. Hosteli ziko ndani ya kampasi, darasa unalifikia kwa miguu. Kozi ziko za kuchagua: sayansi ya kompyuta, uhandisi wa programu, uhandisi wa kompyuta, usalama wa mtandao. Kisha kuna jambo ambalo wakati chuo hicho kinajengwa halikuwepo: serikali ilihamia Dodoma. Wizara zipo, Mamlaka ya Serikali Mtandao ipo, na wakati wa fildi mwanafunzi anapeleka barua yake ofisi za serikali bila kulipia chumba mji mwingine.

Kwa sisi wa mwisho wa reli, kuna pia ramani. Njia ya reli kutoka Kigoma hadi Dar inazidi kilomita 1,200. Anayeshuka Dodoma amejiokolea zaidi ya 400, kila anapokwenda na kila anaporudi. Na ile hoja kwamba kazi ziko Dar imepungua makali tangu Julai 2024, treni ya SGR ilipoanza kazi kati ya Dar na Dodoma. Nauli ya kawaida ilianza kwa shilingi 31,000, na safari ni saa tatu na nusu hadi nne. Mwanafunzi wa Dodoma anaweza kwenda kufanya usaili Dar na kurudi kulala chumbani kwake. (Mkataba wa SGR ya Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022. Ni habari njema, ila usipange bajeti ya mwanao kwa treni ambayo hujaipanda.)

Iko pia Mbeya kwa MUST, iko DIT na IFM pale Dar, iko IAA Arusha, iko SUZA Zanzibar. Ni vyuo vya kweli na vina wahitimu wazuri kazini. Ninavipita haraka kwa sababu kwa familia ya Kigoma hesabu yake inafanana na ya Dar au Dodoma, ikiongezewa nauli. Vyuo binafsi vingi hutoza ada kubwa kuliko vya umma. Sina ugomvi navyo, lakini kwa fani hii mwajiri anauliza umetengeneza nini, na mzazi anayeuza kiwanja cha Gungu ili mwanawe akasome chuo binafsi kitu kilekile anachoweza kukisoma UDOM, anapaswa kwanza aoneshwe faida ya kiwanja hicho iko wapi.

Sasa urefu wa kozi, jambo ambalo watu hawalipigii hesabu kabisa. Shahada ya sayansi ya kompyuta, UDSM na UDOM, ni miaka mitatu. Uhandisi wa programu UDOM ni minne, na vivyo hivyo uhandisi wa kompyuta. Vijana huvutwa na neno "uhandisi", na wazazi zaidi. Lakini fungua tangazo la kazi ya Afisa TEHAMA kwenye Ajira Portal: mara nyingi utakuta sayansi ya kompyuta, teknolojia ya habari na uhandisi wa kompyuta zimeandikwa mstari mmoja, mshahara mmoja.

Pima mwaka huo mmoja kwa fedha. Bodi ya Mikopo (HESLB) inahesabu chakula na malazi ya mwanafunzi kuwa shilingi 10,000 kwa siku. Mwaka wa masomo wa siku kama 240 unakula milioni 2.4. Weka ada ya milioni moja na nusu na laki mbili za vitabu: milioni 4.1. Kwa miaka mitatu ni milioni 12.3, kwa minne, milioni 16.4. Kama fedha hiyo ni mkopo, na mhitimu akapata kazi ya mshahara wa laki nane, makato ya asilimia 15 yatakuwa 120,000 kwa mwezi. Deni la kwanza litaisha baada ya miaka minane na nusu hivi. La pili litachukua zaidi ya miaka kumi na moja. Na hapo sijahesabu mwaka mzima ambao mwenzake wa miaka mitatu alikuwa tayari yuko kazini. Anayependa vifaa, saketi na mitambo aende uhandisi kwa moyo mmoja. Anayetaka kuandika programu na kushughulika na data asilipie mwaka wa nne kwa ajili ya jina.

Nimetaja mkopo, tukae hapo kidogo, maana ndipo wengi wa Kigoma wanapoangukia. HESLB ilianza kazi 2005, na kwa miaka ya karibuni masharti yake yamekuwa rafiki kuliko zamani. Hadi 2021 deni lilikuwa linaumuka kwa tozo ya asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa mchelewaji. Zote mbili zilifutwa mwaka huo. Imebaki asilimia moja ya uendeshaji. Marejesho yanaanza miezi 24 baada ya kumaliza chuo. Hakuna benki hapa mjini itakayokupa masharti ya namna hiyo, kwa hiyo yule mzazi anayesema mwanangu hatakopa, nitamlipia kwa mkopo wa benki, anakimbia kivuli kwenda juani.

Ila mkopo haupatikani kwa kuwa maskini tu. Unapatikana kwa kuwa na karatasi za kuthibitisha. Pita kwenye steshenari za Mwanga msimu wa maombi uone. Mtoto amekaa kwenye benchi ameshika bahasha ya kaki, ndani kuna cheti cha kuzaliwa kilichoandikwa "Rashidi", cheti cha kidato cha nne kinasema "Rashid", na cheti cha kifo cha baba hakijawahi kuchukuliwa. Mwenye mashine anapekua, anatikisa kichwa. Fomu inataka namba ya uhakiki kutoka RITA, na uhakiki huo hauji siku hiyo. Kwa mkoa wa mpakani kama wetu, ambako baadhi ya familia zimesumbuka hata kupata namba ya NIDA, karatasi hizi ni kazi ya kuanza mtoto akiwa bado kidato cha tano. Ada ya maombi ni shilingi 30,000, na fomu iliyokosewa inaweza kumgharimu mtoto mkopo wa mwaka mzima.

Jua pia kwamba bodi haimpi kila mtu asilimia mia. Inapima uwezo wa familia, na mwanafunzi anaweza kupewa sehemu ya ada tu. Dirisha la rufaa lipo, litumieni. Kwa waliofaulu sana masomo ya sayansi upo Ufadhili wa Samia, ulioanza 2022/23, nao hauna marejesho. Na hata anayepata kila kitu aambiwe ukweli kuhusu bumu: fedha za siku 60 zinaingia kwa mkupuo, laki sita, na kijana ambaye hajawahi kushika laki sita anaweza kuzimaliza kwa wiki mbili. Michango midogo nayo ipo: bima ya afya 50,400 kwa mwaka, 20,000 ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), kitambulisho, serikali ya wanafunzi. Wazazi wa huku hufunga dagaa na dumu la mawese kwenye mzigo. Vizuri, ila ulizeni kwanza, hosteli nyingi haziruhusu kupika, na dagaa wataishia kuliwa na rafiki mwenye geto.

Mashine. Kusomea kompyuta bila kompyuta yako ni kujifunza kuogelea ukiwa Kibirizi umesimama mchangani. Maabara zipo vyuoni, lakini zina foleni na zinafungwa usiku. Mkopo wa kujikimu hautaji mashine, kwa hiyo hii itoke kwa familia. Hakuna haja ya mpya. Kompyuta mpakato iliyotumika, ya aina wanayotumia maofisini, yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD, inamtosha mwanafunzi kwa miaka yote mitatu. Kariakoo bei zake hucheza kati ya laki nne na saba. Yenye GB 4 na diski ya zamani ya kuzunguka itauzwa kwa bei ya kuvutia, na itamchosha mtoto kabla ya muhula kuisha. Betri ijaribiwe dukani, isiaminiwe kwa maneno. Bando nalo ni gharama ya kila mwezi, ingawa ndani ya kampasi intaneti ya chuo inapunguza makali.

Kabla ya kulipia vyote hivyo, kuna jaribio lisilogharimu ila bando. Kozi ya CS50 ya chuo kikuu cha Harvard iko wazi mtandaoni bila malipo. Kati ya mtihani wa mwisho wa kidato cha sita na kufungua chuo ipo miezi kadhaa. Kijana aijaribu. Akifika wiki ya nne bado ana hamu, mpelekeni. Akikimbia wiki ya pili, familia imeokoa mamilioni. Ninasisitiza hili kwa sababu mwaka wa kwanza wa sayansi ya kompyuta una hisabati nyingi kuliko wengi wanavyodhani: kalkulasi, mantiki, takwimu. Kuna wanaokwenda wakifikiri watafundishwa Word na kutengeneza simu, wakakutana na sapu mbili muhula wa kwanza. Chuo ghali kuliko vyote ni kile ambacho mtoto amedisco.

Kuhusu sifa za kuingia, kiwango cha chini cha TCU kwa waliomaliza kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4.0. Hisabati ndiyo inayofungua mlango. Aliyesoma PCM, PGM, EGM au PMCs yuko vizuri. Wa PCB mwenye BAM asikate tamaa kabla ya kusoma mwongozo wa TCU, maana masharti hutofautiana chuo kwa chuo. Ambaye pointi hazikutosha anayo njia ndefu iliyo salama: stashahada, kisha shahada akiwa na GPA ya 3.0 au zaidi. Ninaipenda njia hii kuliko inavyopendwa mtaani. Mtu wa stashahada ya DIT anaweza kuvuta nyaya, kusimika mtandao wa ofisi, na kula mshahara wake akisubiri shahada.

Na kazi, je? Watu wa rika fulani watakumbuka, au wameambiwa, kwamba 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mradi wa kompyuta za Hazina kuleta hasara. Leo mchuuzi wa soko la Mwanga analipa ushuru kwa mashine ya POS na leseni yake inapitia mfumo wa TAUSI. Nyuma ya kila mfumo yuko mtu aliyeuandika, na yuko mwingine anayeuamsha ukilala. Huyo wa pili ndiye anayehitajika Kigoma. Mkoa una halmashauri nane. Kuna hospitali ya Maweni, bandari, TRA, TANESCO, mabenki. Wote wanahitaji Afisa TEHAMA, lakini wanahitaji mmoja au wawili, na nafasi ikitangazwa wanaomba kutoka nchi nzima. Ajira ya serikali ni nzuri kwa usalama wake. Kuifanya mpango pekee ni kucheza bahati nasibu.

Zipo kazi ambazo hazina jina la kompyuta kwenye tangazo. Mradi wa Tacare wa Taasisi ya Jane Goodall, ulioanza hapa Kigoma 1994, kwa miaka sasa unatumia picha za setilaiti na simu wanazobeba walinzi wa misitu wa vijiji kukusanya taarifa. Hiyo ni kazi ya data, na mtu aliyeisomea na anayejua Kiha na ziwa ana thamani ambayo wa Dar hana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo imezitaka taasisi ziwe na mtu wa kusimamia taarifa za wateja. Shuleni, mtaala mpya ulioanza 2024 unahitaji walimu wa kompyuta. Anayependa kufundisha achague shahada yenye ualimu ndani yake tangu mwanzo, asije akagundua baadaye kwamba hana sifa.

Kuandika programu kwa kampuni za Dar, Nairobi au za ng'ambo ndiko kwenye fedha nyingi, na ndiko kulikobadilika zaidi. Benjamin Fernandes, Mtanzania, alianzisha kampuni ya NALA, na leo inahamisha fedha kati ya mabara. Mfano huo ni wa kweli, lakini mmoja. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, kazi ndogondogo za kuandika programu ambazo anayeanza alikuwa akipewa ajifunzie, mashine inazifanya kwa dakika. Mhitimu anayejua kunakili tu amepunguziwa bei. Anayeelewa hisabati iliyo chini, usalama wa mifumo, na biashara ya mteja wake, bado anatafutwa.

Uamuzi wangu, basi. Mwenye hisabati nzuri na mkopo: UDOM, sayansi ya kompyuta, miaka mitatu. Dar es Salaam aichague mwenye ndugu wa kumpokea Dar bila kodi. Hapo UDSM inashinda kwa ukaribu wake na waajiri. Mwenye kazi tayari Kigoma abaki na asome Chuo Huria. Ambaye pointi hazikutosha aanze stashahada chuo cha umma, asikimbilie binafsi kwa haya ya mtaa. Aliyepata mkopo nusu asikatae chuo kabla ya kukata rufaa.

Na wewe mzazi mwenye mtoto kidato cha tano, cheti chake cha kuzaliwa kikague leo, jina herufi kwa herufi na vyeti vya shule, kisha kipeleke RITA kikahakikiwe kabla matokeo hayajatoka.